Shahada Imepanda, Malipo Yamebaki Palepale

Kwenye makaratasi ya malipo ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee wa miaka 65 na kuendelea, kuna namba 97110. Namba hiyo inasimamia dakika 15 za mazoezi ya tiba, mtaalamu akiwa ana kwa ana na mgonjwa. Mzee aliyepata kiharusi akiimarisha misuli ya bega, ni 97110. Bibi aliyebadilishiwa goti akikunja na kunyoosha mguu, ni 97110. Kliniki hulipwa kiasi kama dola 30 kwa kila kipande cha dakika hizo. Fomu haiulizi mfiziotherapia aliyesimama kando ya mgonjwa amesoma miaka mingapi. Aliyehitimu mwaka 1988 kwa shahada ya kwanza na aliyehitimu juzi akiitwa daktari wa fiziotherapia huandika namba ileile na kupata hela ileile.

Kati ya wahitimu hao wawili imepita historia ya taaluma nzima. Katika muda usiofika miaka 40, sifa ya kuingilia kazini Marekani ilitoka kwenye shahada ya kwanza, ikapita uzamili, ikaishia kwenye udaktari wa kitaaluma unaojulikana kwa herufi DPT. Leo hakuna chuo nchini humo chenye ithibati ya kutoa mfiziotherapia kwa shahada iliyo chini ya hiyo. Waliosukuma mabadiliko walikuwa na sababu, tena nzito: walitaka mgonjwa aje kwao moja kwa moja, asilazimike kwanza kupitia kwa daktari kuchukua karatasi. Mimi naona uhuru huo, kwa kiasi walichoupata, ulikuja kwa njia nyingine zaidi kuliko kwa shahada, na gharama ya shahada akaachiwa mwanafunzi. Jambo hili linawagusa pia vijana wa Nairobi, Moshi na Kigali, kwa sababu kipimo anachopimwa nacho mgeni anayeomba leseni Marekani hupanda kila Wamarekani wanapojipandisha wenyewe.

Tuanze na njia ilivyo sasa. Mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya miaka 4, katika fani yoyote, mradi awe amechukua masomo ya msingi: biolojia, kemia, fizikia, anatomia, fiziolojia, takwimu, saikolojia. Wengi husoma sayansi ya mazoezi ya mwili, lakini aliyesomea muziki hakatazwi. Vyuo vingi hutaka pia awe ameshinda saa kadhaa kliniki akiangalia kazi inavyofanywa, sharti ambalo kwa kijana anayefanya vibarua viwili ili alipe pango si dogo. Akikubaliwa, miaka 3 mingine inaanza.

Mwaka wa kwanza ni wa mwili wenyewe. Katika vyuo vingi wanafunzi hupasua maiti kwa mikono yao, msuli kwa msuli, neva kwa neva, wiki baada ya wiki. Kisha huja elimu ya mwendo: kwa nini mwenye udhaifu wa misuli ya nyonga huyumba anapotembea, goti hubeba mzigo kiasi gani mtu anaposhuka ngazi. Baadaye yanaingia magonjwa: kiharusi, Parkinson, majeraha ya uti wa mgongo, moyo na mapafu, watoto wenye mtindio wa ubongo, waliokatwa miguu kwa kisukari. Humo ndimo yalimo masomo ambayo vizazi vya zamani havikuyapata kwa kina, yaani famakolojia, kusoma picha za eksirei na MRI, na uchunguzi wa kutofautisha maradhi.

Somo hili la mwisho ndilo kiini cha hoja ya waliotaka udaktari, na halistahili kubezwa. Maumivu ya bega la kulia yanaweza kuwa yanatoka kwenye kibofu cha nyongo. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi kuzunguka sehemu za siri na mkojo kukataa kutoka ni dharura ya upasuaji. Mgonjwa akicheleweshwa, huenda asiweze tena kudhibiti haja zake maisha yake yote. Anayetaka kuwa mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa sharti awe na jicho la kuyaona hayo, na ajue lini aseme: huyu si wangu, apelekwe hospitali leo hii.

Nje ya darasa kuna mafunzo kwa vitendo, yasiyopungua wiki 30 za kazi ya kutwa kwa mujibu wa masharti ya CAPTE, tume inayotoa ithibati. Mwanafunzi hutibu wagonjwa chini ya msimamizi, huandika kumbukumbu za matibabu, hufuata saa za kazi kama mwajiriwa, na wakati huohuo anaendelea kulipia ada chuoni. Kwa kawaida halipwi. Kituo kikiwa mji mwingine, hujitafutia mahali pa kulala kwa mfuko wake mwenyewe.

Halafu ndipo unakuja mtihani wa kitaifa, NPTE, unaosimamiwa na FSBPT, shirikisho la bodi za majimbo. Tangu 2024 una maswali 225, na 180 tu kati yake ndiyo yanayohesabiwa. Mengine yanajaribiwa kwa ajili ya miaka ijayo na mtahiniwa hajui ni yapi. Muda ni saa 5. Alama huwekwa kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na kufaulu ni 600. Mtu hawezi kuufanya zaidi ya mara 3 katika miezi 12, wala zaidi ya mara 6 maishani. Akishafaulu, bodi ya jimbo humpa leseni ya jimbo hilo peke yake, ingawa tangu 2018 mkataba wa majimbo umewarahisishia wenye leseni kufanya kazi katika majimbo mengine yaliyojiunga.

Hakuna hata kimoja katika haya kilichokuwepo mwaka 1918. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa na maelfu ya askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia huko Ulaya wakiwa na viungo vilivyovunjika na mishipa ya fahamu iliyokatika. Likawakusanya wanawake, wengi wao walimu wa mazoezi ya viungo, likawafunza kwa miezi michache na kuwapeleka mahospitalini. Chuo cha Reed huko Portland, Oregon, kilifunza kundi kubwa. Mmoja wa walimu alikuwa Mary McMillan, Mmarekani aliyesomea kazi hiyo Uingereza. Januari 1921 wanawake hao walikutana New York, wakaanzisha chama, na McMillan akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho ndicho leo kinaitwa APTA.

Miongo iliyofuata iliwapa kazi nyingi na mamlaka kidogo. Milipuko ya polio ilijaza wodi za watoto, na Vita vya Pili vya Dunia vikajaza tena hospitali za kijeshi, lakini kilichokuwa kikikagua na kuidhinisha shule zao tangu 1936 kilikuwa chama cha madaktari. Daktari aliandika cha kufanya, wao wakakifanya. Ugomvi wote uliofuata una mzizi hapo. Ithibati ya shule zao hawakuishika peke yao mpaka 1983.

Kupanda kwa shahada kulianza kabla ya hapo. Mwaka 1979 mkutano wa wajumbe wa APTA ulipitisha azimio kwamba kufikia 1990 anayeingia kazini awe amesoma zaidi ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vilipinga, tarehe ikapita, na mlango wa shahada ya kwanza ukafungwa rasmi na CAPTE mwaka 2002. Wakati huo farasi alikuwa ameshatoka zizini: Chuo Kikuu cha Creighton, huko Omaha, Nebraska, kilikuwa kimeanzisha DPT ya kwanza ya kuingilia kazini mwaka 1993, na wahitimu wake wa kwanza walitoka 1996. Mwaka 2000 APTA ikaandika dira yake ya 2020, iliyotaka kila mfiziotherapia awe daktari. Kufikia mwisho wa 2015 kila programu ilitakiwa iwe imehamia huko.

Uzamili, basi, ulidumu kama sharti la chini kwa miaka 13 hivi. Hiyo ni kasi isiyo ya kawaida kwa taaluma ya afya, na ushindani wa vyuo uliichochea. Programu nyingi za uzamili zilikuwa tayari zimevimba mpaka zinakaribia miaka 3. Chuo gani kingeendelea kutoa uzamili wakati jirani yake anatoa udaktari kwa muda unaokaribia kuwa uleule? Nikiwa mkurugenzi wa programu mwaka 1999 nami ningehama. Lakini sababu ya kuhama kwa vyuo si lazima iwe sababu inayomfaa mgonjwa, na hapo ndipo hoja ya uhuru inapotakiwa kupimwa.

Jimbo la Nebraska liliwaruhusu wagonjwa kwenda kwa mfiziotherapia bila rufaa mwaka 1957. Mwaka huo hakukuwa na udaktari wala uzamili wa kuingilia kazini. Wengine walikuwa na vyeti tu. Kuanzia hapo ruhusa ilisambaa jimbo kwa jimbo, kwa kusukumwa bungeni, mpaka mwaka 2015 majimbo yote 50 yalikuwa na aina fulani ya ruhusa hiyo, baadhi yakiweka masharti ya siku au ya aina ya matibabu. Majimbo mengi yalifungua mlango kabla DPT haijawa sharti.

Jeshi lilikwenda mbali zaidi. Wakati wa vita vya Vietnam madaktari bingwa wa mifupa walikuwa haba, na wafiziotherapia wa jeshi wakapewa kazi ya kuwapokea askari wenye maumivu ya viungo moja kwa moja, kuwachunguza na kuagiza picha. Utaratibu huo uliokoa muda, ukabaki. Utafiti uliochapishwa 2005 ulikusanya zaidi ya ziara 470,000 katika hospitali za kijeshi kati ya 1999 na 2003, karibu nusu ya wagonjwa wapya wakiwa wamekuja bila rufaa, na haukukuta tukio hata moja la madhara makubwa lililotokana na mfiziotherapia. Takwimu hiyo hutajwa sana na watetezi wa uhuru wa taaluma, na wana haki. Wanachosahau kusema ni kwamba katika miaka hiyo DPT ilikuwa bado changa. Walichokuwa nacho wafiziotherapia hao wa jeshi ni mafunzo mazuri ya uchunguzi, wakubwa waliowaamini, na daktari wa upasuaji aliye chumba cha pili wakimhitaji.

Uingereza inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Taaluma yao ilianza mwaka 1894, kupitia chama kilichoanzishwa na wauguzi waliotaka kulinda heshima ya kazi ya kukanda. Hadi leo mtu anaweza kuingia kazini kwa shahada ya kwanza ya miaka 3. Wafiziotherapia wao wamekuwa wakiwaona wagonjwa bila amri ya daktari tangu miaka ya 1970, na mwaka 2013 sheria iliwaruhusu waliopata mafunzo ya ziada kuandika dawa wenyewe. Daktari wa fiziotherapia wa Marekani, nje ya jeshi, kwa kawaida haandiki dawa. Mwenye miaka 3 ya chuo kikuu na kozi ya juu yake anaweza, mwenye miaka 7 hawezi. Tofauti imo ndani ya sheria na ndani ya muundo wa huduma ya afya ya Uingereza, ambako mwajiri mkuu ni mmoja na ana faida ya wazi kumpunguzia daktari foleni.

Tena hata ndani ya Marekani uhuru huo hupungua mtu anapofika kwenye dirisha la malipo. Sheria ya jimbo inasema mgonjwa anaweza kuja bila rufaa. Medicare inataka mpango wa matibabu uthibitishwe na daktari au mwenye mamlaka kama yake. Mwaka 2025 kanuni ililegezwa kidogo, saini ikaachwa kudaiwa pale ambapo tayari kuna rufaa iliyosainiwa kwenye faili, lakini msingi haukubadilika. Kampuni za bima binafsi nazo zina masharti yake. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba udaktari utamfungulia mlango anaufungua, kisha anakuta mwenye hela amesimama ndani na kitabu chake mwenyewe cha masharti.

Hela zenyewe zinasikitisha. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani ilionyesha kuwa mshahara wa kati wa mfiziotherapia Mei 2024 ulikuwa dola 101,020 kwa mwaka. Kwa msomaji wa Dodoma au Eldoret hiyo ni hela ya kutisha, ila ilinganishwe na ya majirani zake wodini. Wauguzi waliosajiliwa, ambao wengi wao wana shahada ya kwanza au pungufu, walikuwa juu ya dola 90,000. Daktari msaidizi, anayesoma uzamili wa miaka 2 na ushee na anayeandika dawa, alikuwa juu ya dola 130,000. Mwenye udaktari yuko katikati yao, karibu zaidi na yule aliyesoma muda mfupi.

Upande wa pili wa daftari kuna deni. Wahitimu wengi wa DPT hutoka na mikopo inayozidi dola laki moja. Riba ya mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa ngazi hizo mwaka 2024/25 ilikuwa asilimia 8.08. Deni la dola 120,000 kwa riba hiyo huzaa takriban dola 9,700 kwa mwaka kabla mtu hajapunguza hata senti ya mkopo wenyewe. Na Medicare, ambayo bei zake hufuatwa na bima nyingi, ilikuwa ikipunguza: kiasi inachozidishia pointi za kila huduma kilikuwa dola 34.89 mwaka 2021, kikashuka hadi 32.35 mwaka 2025, miaka ambayo bei ya kila kitu kingine ilikuwa inapanda. Tangu 2022 huduma ikitolewa na msaidizi wa mfiziotherapia, aliyesoma miaka 2 tu, hulipwa asilimia 85 ya kiasi cha kawaida.

Mwenye kliniki akibanwa hivyo hufanya hesabu anayoijua: wagonjwa wengi zaidi kwa saa. Vijana waliofunzwa kumchunguza mtu kwa utulivu, kumsikiliza, kutafuta dalili iliyojificha, hujikuta wanamwacha mzee mmoja kwenye baiskeli ya mazoezi ili wamkimbilie mwingine kitandani. Wengi wanaoacha kazi mapema hulalamikia hilo hasa, si ugumu wa wagonjwa.

Juu ya haya imeshuka sheria ya Julai 2025, ile kubwa ya kodi na matumizi iliyosainiwa na Rais Trump. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali uliowaruhusu wanafunzi wa ngazi za juu kukopa mpaka gharama yote ya chuo umefutwa. Badala yake kuna madaraja mawili: wa shahada za kitaaluma wanaweza kukopa hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, wengine ni 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Novemba 2025 kamati ya wizara ya elimu ilikubaliana orodha ya shahada zitakazohesabiwa kuwa za kitaaluma. Udaktari wa tiba umo, sheria imo, famasia imo, hata kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha uti wa mgongo, imo. Fiziotherapia haimo. Taaluma iliyotumia zaidi ya miaka 20 kujivika jina la udaktari ikaambiwa na wizara kwamba kwa hesabu za mkopo yenyewe si mwenzao. Kama kuna kejeli katika habari hii nzima, ni hiyo.

Athari yake haitamwangukia kila mtu sawasawa. Mwenye wazazi wenye uwezo atalipa tofauti, au atakopa benki kwa dhamana yao. Weusi na Walatino tangu zamani ni wachache katika vyuo hivi kuliko uwiano wao nchini, na pengo litapanuka. Ndani ya jumuiya zetu za Waafrika Mashariki huko Minnesota au Texas, ushauri ambao mtoto hupewa na shangazi zake ni mmoja: soma uuguzi, utaanza kulipwa ukiwa na miaka 22. Ukiyatazama mahesabu, shangazi hawakukosea.

Baadhi ya vyuo vimeanza kufupisha. South College ya Tennessee na Chuo Kikuu cha Baylor hutoa DPT kwa miaka 2 hivi, nadharia nyingi ikifundishwa mtandaoni na wanafunzi wakikusanyika kwa vipindi vya maabara. Jeshi nalo, kupitia mpango wake wa pamoja na Baylor huko San Antonio, huwalipa mshahara wanafunzi wake kama maafisa. Swali la miaka mingapi inatosha, ambalo dira ya 2020 ilionekana kulifunga, limefunguliwa tena na hesabu za mkopo.

Na je, miaka hiyo humponya mgonjwa zaidi? Ushahidi ni mdogo kuliko mtu angetarajia kwa mabadiliko ya ukubwa huu. Mwaka 2003 Linda Resnik na Dennis Hart walichapisha utafiti uliowatambua wafiziotherapia bora kwa kuangalia wagonjwa wao wa maumivu ya mgongo walivyopona, si kwa vyeo vyao. Waliokuwa bora hawakuwa wamefanya kazi miaka mingi kuliko wenzao wa kawaida. Hilo linamtia wasiwasi yeyote anayeamini kwamba muda peke yake, uwe wa kazini au wa darasani, huzaa ustadi.

Kwa mgeni, shahada na mtihani ni milango miwili tofauti, na yote ina historia yake. Mwaka 2010 FSBPT iliwasimamisha wahitimu wa vyuo vya Misri, India, Pakistan na Ufilipino wasifanye NPTE, baada ya kugundua kwamba maswali yalikuwa yakikaririwa na kusambazwa kupitia vituo vya marudio. Aliyeiba na asiyeiba waliwekwa kapu moja kwa sababu ya nchi waliyosomea. Baadaye mtihani ukahamishiwa kwenye tarehe chache maalumu za mwaka kwa watu wote, jambo ambalo lingeweza kufanywa mapema bila kuwachafua maelfu.

Mkenya au Mtanzania anayetaka njia hiyo huanza kwa kupeleka nakala za masomo yake zikakaguliwe, mara nyingi na FCCPT, taasisi iliyoko Alexandria, Virginia. Humo somo lake moja moja hulinganishwa na yale ya Marekani. Kwa sheria ya uhamiaji ya 1996, anayehitaji viza ya kazi lazima athibitishiwe kwamba elimu yake inalingana na ile inayotolewa Marekani sasa, na sasa maana yake ni DPT. Baadhi ya bodi za majimbo humpima mtu kwa kipimo cha mwaka aliohitimu, ambacho ni chepesi zaidi kwa waliosoma zamani. Mwenye stashahada ya miaka 3 kutoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, hata awe na miaka 15 ya wodini, kwa kawaida hukwama hapo. Mwenye shahada ya kwanza kutoka vyuo vikuu vya JKUAT au Moi nchini Kenya, au chuo cha KCMC pale Moshi, hukaribia zaidi, lakini mara nyingi huambiwa amepungukiwa saa za famakolojia, za kusoma picha, za uchunguzi wa maradhi, au hata za masomo ya jumla kama historia na uandishi. Hujazia kwa kozi za mtandaoni, kwa dola.

Cha ajabu ni kwamba upande wa viza Marekani yenyewe inakiri kuwa na uhaba. Wafiziotherapia, pamoja na wauguzi, wamo kwenye orodha ya wizara ya kazi ya fani ambazo mwajiri hahitaji kuthibitisha kwamba amekosa Mmarekani. Serikali moja inasema watu hawa tunawahitaji, na hapohapo inawapima kwa kipimo ambacho wenyewe wa nyumbani wanakopa dola laki moja kukifikia.

Huku kwetu mjadala wa kupandisha shahada umeshaingia. Kenya ilipitisha sheria ya wafiziotherapia mwaka 2014 na kuunda baraza lake. Rwanda imekuwa ikifunza wafiziotherapia Kigali tangu miaka ya 1990 na leo inatoa shahada chuo kikuu. Tanzania ina stashahada na shahada, na anayemaliza shahada hupitia mwaka wa utarajali hospitalini, anaolipwa posho, kitu ambacho mwanafunzi wa Marekani angekionea wivu. Kupanda kutoka stashahada hadi shahada kulikuwa na maana: kulileta uchunguzi, ushahidi wa kisayansi, uwezo wa kubishana na daktari kwa hoja. Kupanda zaidi ya hapo kwa sababu tu Marekani imepanda, kabla ya hospitali za wilaya kupata watu, naona ni kulipia kitu kisichotibu.

Maana uhaba wetu ni wa aina nyingine kabisa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja, wakati mtu mmoja katika kila watatu duniani anaishi na hali inayohitaji huduma hiyo. Nenda hospitali ya wilaya yoyote uone foleni ya mfiziotherapia mmoja: kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mama wa kiharusi aliyeletwa na wanawe baada ya miezi, mtoto mwenye mguu kifundo anayebadilishwa plasta kila wiki, mkulima wa mgongo. Mtu huyo huyo ndiye anayetegemewa kusimamia wanafunzi wanaoletwa kwa vitendo. Wakija wanne kwa pamoja, wawili humwangalia yeye na wawili hukanda miguu bila kuangaliwa na mtu. Kumsimamia mwanafunzi vizuri humchukulia nusu ya muda wake, na hakuna fungu linalomlipa kwa hilo.

Wiki 30 za Marekani zina thamani kwa sababu mara nyingi kila mwanafunzi ana msimamizi wake, na NPTE ina thamani kwa sababu swali lilelile anaulizwa wa chuo maarufu na wa chuo kisichojulikana. Hivyo viwili ndivyo vya kuiga, na hakuna kimojawapo kinachohitaji jina la udaktari. Kinachohitajika ni mabaraza ya nchi zetu kuandika mtihani mmoja wenye maswali yanayolindwa, na wizara kutenga posho ya msimamizi kwa kila mwanafunzi aliyepokewa wodini. Posho hiyo bado sijaiona kwenye pendekezo lolote la shahada mpya.